Kabla ya kulaumu kituo cha petroli, fungua kabureta

Tangu mvua ya masika ianze, wanaboda wa Kondele, Mamboleo na Nyamasaria, hapa Kisumu, wanafika ofisini kwetu na lalamiko moja: pikipiki inawaka, inakohoa mara mbili tatu, inazima, kwa hiyo kituo kimewauzia petroli yenye maji. Mafuta machafu yapo, hatukatai. Ila nyingi ya pikipiki tunazozifungua zimeingiza maji kupitia mfuniko wa tangi.

Pikipiki nyingi zina kitundu kando ya mfuniko, cha kupitisha maji ya mvua kwenye mpira mwembamba unaoshuka hadi chini. Kikizibwa na matope, maji hutuama kuzunguka mdomo wa tangi, na mpira wa mfuniko ukiwa umechoka yanajipenyeza ndani usiku kucha. Mashine ya presha ya kuoshea huyaingiza maji kwa dakika chache. Kitundu hicho kizibue kwa waya. Tafadhali, acheni kukiziba kwa gundi. Hapo ndipo mnapoyafungia maji.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, pale mafuta yanapoanzia kushuka. Kuyakagua ni rahisi. Injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara, funga koki ya mafuta iliyo chini ya tangi. Chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kuna skrubu ya kumwagia: ilegeze, kinga kwa chupa safi inayoonyesha ndani, kisha iache itulie. Maji utayaona sakafuni mwa chupa, yakiviringika kama shanga za kioo chini ya petroli. Kaza skrubu, fungua koki kabureta ijae, ifunge, rudia. Shanga zisipoisha, tangi lishushwe lisafishwe. Na oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini kabla ya kuibadilisha.

Ukishuku kituo, weka risiti. Ya M-Pesa inafaa kwa kuwa ina tarehe na saa. Andika pampu uliyotumia, kisha peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Chupa iliyotoka kwenye tangi lako haitoshi peke yake kuwa ushahidi, na kugombana na mhudumu wa pampu hakusaidii chochote.

Maji hulowesha breki pia, na ikikosa kushika, "ilikuwa imelowa tu" si utetezi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza chombo kibovu barabarani. Adhabu iko katika kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Hiyo ni faini ya juu kabisa, si lazima utozwe yote, lakini ipo.

Maji yakiingia kwenye ngoma ya breki ya nyuma, viatu vya breki vinavyoibana ngoma hiyo huteleza. Ukishavuka dimbwi, endesha polepole ukikanyaga breki kidogo kidogo mpaka uhisi inashika, ndipo upakie abiria.