Utumikishwaji wa watoto mashambani: maana yake na athari zake za baadaye

Neno utumikishwaji linatokana na kitenzi "tumikisha", yaani kumfanya mtu atumike kwa manufaa ya mwingine. Linafaa kuliko "ajira ya watoto", kwa kuwa mtoto wa shambani mara nyingi hana mkataba wala ujira, na anayemtuma ni mzazi wake mwenyewe. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya mwaka 2024 yalionyesha watoto milioni 138 wanaotumikishwa duniani, na asilimia 61 kati yao walikuwa katika kilimo.

Si kila kazi ya mtoto huingia humo. Kuamia ndege, yaani kuwafukuza, kwenye mpunga kwa muda wa saa moja jioni baada ya masomo ni malezi. Kuwaamia kutwa, wiki kadhaa mfululizo, ni jambo jingine. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na anayefikia umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule.

Madhara mengine huonekana papo hapo. Katika mashamba ya tumbaku, kama yale ya Urambo mkoani Tabora, nikotini ya majani mabichi yenye umande hupenya ngozi na kumletea mchumaji kizunguzungu na kutapika, kisha hali hiyo hupita. Yanayobaki ndiyo mazito zaidi: mgongo uliobeba mizigo kabla mifupa haijakomaa, na viuatilifu, ambavyo humwathiri mtoto kuliko mtu mzima kwa sababu mfumo wake wa fahamu bado unakua na, kwa kila kilo ya uzito wake, huvuta hewa nyingi zaidi.

Hata hivyo, naona hasara kubwa kuliko zote ni ile isiyouma. Mtoto anayekosa masomo kila msimu wa palizi husomeka kwenye daftari la mahudhurio kama mtoro wa kawaida, lakini hesabu alizozikosa ndizo zinazobeba za mwaka unaofuata, hivyo hurudi darasani akiwa mgeni, na mwishowe huacha.

Baadhi yao tunakutana nao hapa Dar es Salaam wakiwa watu wazima, wakibeba mizigo Kariakoo au wakifanya kazi za ndani, kwa kipato cha asiye na cheti. Kidogo wanachopata hugawanywa na kutumwa kijijini. Kisipotosha kulipa vibarua wa palizi, mdogo wao ndiye anayekabidhiwa jembe.