Nchi za Nordiki: wanakubaliana nini, wanabishania nini

Dhana: Ni nchi za kijamaa.
Uchumi wa nchi hizi tano (Uswidi, Norwe, Denmark, Ufini na Iceland) ni wa soko. Uswidi ilifuta kodi ya mirathi mwaka 2004 na kodi ya utajiri 2007. Tangu 1992 fedha za umma hulipia ada ya wanafunzi hata katika shule binafsi, zikiwemo za kampuni zinazogawia wanahisa faida. Norwe nayo bado inatoza kodi ya utajiri, kwa hiyo hata hapo majirani hawafanani.

Dhana: Kisiasa wote lao moja.
Vyama ni vingi kwa sababu mlango wa bunge ni mpana: Denmark chama huhitaji asilimia 2 ya kura, Uswidi 4, na Ufini sheria haijaweka kiwango. Serikali za wachache, yaani zisizo na wingi wa viti bungeni, ni jambo la kawaida. Bunge la Uswidi lina viti 349, na waziri mkuu hupita mradi wanaomkataa wasifike 175. Sisi tuliozoea "wengi wape" tungesema huko ni "wengi wasikatae". Novemba 2021 mgombea uwaziri mkuu Magdalena Andersson alipata kura 117 za ndiyo na 174 za hapana, akapita! Saa chache baadaye bunge lilipitisha bajeti ya upinzani, chama cha Kijani kikajitoa serikalini, naye akajiuzulu. Siku tano baadaye alichaguliwa tena, safari hii kwa ndiyo 101 tu.

Dhana: Huduma za jamii ni mali ya mrengo wa kushoto.
Hili ndilo hupotosha zaidi. Wazazi Uswidi hugawana siku 480 za likizo ya malipo kwa mtoto mmoja, na siku 90 za kila mzazi haziwezi kuhamishiwa mwenzake. Mwezi wa kwanza wa aina hiyo, ulioanza 1995, uliamuliwa na serikali ya mrengo wa kulia. Wa pili (2002) na wa tatu (2016) ni kazi ya serikali za kushoto. Ugomvi wao huwa juu ya kiwango, masharti na nani astahili, hasa wahamiaji.

Dhana: Sheria imepanga kima cha chini cha mshahara.
Hakuna nchi hata moja kati ya hizo tano yenye kima cha kisheria cha nchi nzima. Viwango hutoka kwenye mikataba ya hali bora kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Anayekwenda kufanya kazi huko aulize, kabla ya kusaini, mwajiri amefungwa na mkataba upi.