Je, wajua kwa nini gari ya zamani inaweza kukatwa maksi kwa kupakwa rangi vizuri mno?

Chukua Ford Mustang ya 1965. Mtu kaikuta imekaa miaka kwenye banda huko Marekani, kaichomoa kila kitu mpaka limebaki bati tupu, kakata kutu, kachomelea, kapiga rangi mpaka ukisimama mbele ya mlango unaweza kunyolea ndevu hapo hapo. Anaipeleka kwenye mashindano ya magari ya zamani, jaji anazunguka, anachuchumaa, anaandika, na maksi zinapungua. Kosa? Imependeza kuliko ilivyozaliwa.

Kwenye madaraja makali ya mashindano haya, mfano lile ambalo Mustang Club of America, chama cha wapenzi wa Mustang, wanaliita Thoroughbred, hawaulizi kama gari inavutia, wanauliza kama iko vile vile ilivyotoka kiwandani. Na kiwandani bana hakuna aliyekuwa anabembeleza gari. Mustang iliingia sokoni Aprili 1964, mwaka wa kwanza peke yake zikauzwa zaidi ya 400,000, viwanda vitatu vya Dearborn, San Jose na Metuchen vinazifyatua, kwa hiyo mpiga rangi anamaliza hii na nyingine ishafika. Rangi ilikuwa enameli, inapulizwa, gari inaingia kwenye tanuri rangi ikauke, kwisha habari. Hakuna klia, ile rangi angavu ya kufunika, juu yake, wala hakuna mtu wa kukaa siku mbili na msasa wa maji. Ndio maana ukiangalia kwa karibu unaona uso wa rangi una vibonde vidogo vidogo kama ganda la chungwa.

Sasa fundi rangi yeyote, wa huko au wa mtaani kwetu, kafundishwa kwamba ganda la chungwa ni aibu. Akiliona tu anashika msasa namba 1500, anakuja na 2000, anamaliza na polishi mpaka inakuwa kioo. Kwa gari ya kutembelea, hongera zake. Kwa hii hapa kaharibu. Anayetafuta usahihi anaenda kinyumenyume: rangi anaiacha nzito kidogo, presha ya upepo anaishusha, anajaribu kwanza kwenye kipande cha bati pembeni, analinganisha na gari nyingine ambayo haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani, halafu anarudia tena na tena. Na vibonde havilingani kila sehemu, ndani ya buti na kwenye kona za milango bunduki ya rangi ilikuwa haifiki vizuri, kwa hiyo huko rangi ni nyembamba na kavukavu, ukipitisha kidole unahisi kama kuna vumbi. Hata hiyo inabidi uiige. Kusema kweli kukosea kwa makusudi na ukakosea kwa kipimo ni kazi ngumu kuliko kupatia.

Rangi yenyewe je, unaijuaje? Kwenye mlango wa dereva kuna kibati chenye kodi, yaani alama ya kutambulisha rangi, kwa 1965 herufi A ni nyeusi ya Raven Black, J ni nyekundu ya Rangoon Red, M ni nyeupe ya Wimbledon White. Ila kodi haimalizi kazi, manake rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ambayo siku hizi yamebanwa, na yule wa dukani anachanganya kwa vitu vingine, kwa hiyo jina ni lile lile ila jicho linakataa. Wajanja wanatafuta sehemu ambayo jua halikuwahi kufika, chini ya mpira wa buti au nyuma ya dashibodi, wanaisugua kidogo kwa polishi na kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi ujue hapo juu hakuna klia, na hiyo sehemu ya bodi inasomwa kwa mashine ya kusomea rangi. Metaliki ndio kichomi kabisa, kwa sababu vile vichembe vya alumini vinalala kutegemea umbali wa bunduki na presha, wapigaji wawili na kopo moja wanakutolea rangi mbili.

Halafu usidhani kanuni ya Ford inafanya kazi kwa kila gari. General Motors walikuwa watu wa laka, rangi ya aina nyingine inayokauka haraka, tangu Duco, laka ya kampuni ya DuPont, ilipoanza kupakwa kwenye magari yao ya Oakland ya 1924 na kupunguza kukausha rangi kutoka wiki kadhaa hadi saa chache. Laka ina mng'ao wake na enameli ina wake, jaji mzoefu hata hahitaji kugusa.

Mimi ninapopapenda ni uvunguni. Huko wengi wanapaka nyeusi inayong'aa, safi, na wanakosea wote. Uvungu wa Mustang ulikuwa na praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kiwanda kimoja nyekundu ya kutu, kingine kijivu, na pembezoni kuna ukungu wa rangi ya bodi uliopotelea huko wakati wa kupuliza kiholela. Juu ya hapo kuna alama za wafanyakazi, chaki, doa la rangi kwenye ekseli, mstari kwenye nati kuonyesha imeshakazwa. Kabla ya kuosha chochote watu wanafuta tope taratibu kwa kitambaa, wanapiga picha kila alama, wanapima. Miezi inapita, uvungu mzima umeshapakwa upya, ndipo mwenye gari analala chali chini yake na kipande cha chaki mkononi, anaandika haraka haraka na mwandiko mbaya, akiona umetoka mzuri anafuta anaanza upya.