Kuigeuza picha ya ngalawa isomeke kwa vidole

Chukua picha ya kawaida ya ufukwe wa Bagamoyo: maji yamekupwa, ngalawa imelala mchangani, nyuma yake bahari, mawingu na watu wanaosubiri samaki. Ukiinua kila mstari uliomo, asiyeona atapata vurugu tupu. Jicho huipata picha nzima kwa mara moja. Kidole hukusanya kipande kimoja kimoja, na akili ndiyo inayounganisha. Kwa hiyo anza kwa kupunguza. Vivuli, mawingu, mawimbi na watu, ondoa. Ibaki ngalawa juu ya mchanga.

Tatizo linalofuata ni upande. Picha iliyopigwa kwa mshazari hulifanya rengu la mbali, yaani ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, lionekane fupi, au lifichwe kabisa na mtumbwi. Mwenye macho amezoea kwamba cha mbali huonekana kidogo. Kidole kitaamini kweli rengu moja ni fupi. Mimi huchora mbili: ya ubavuni, yenye mtumbwi, mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga lenyewe, na ya kutoka juu, yenye marengu yote mawili na miti inayoyashikilia. Kila moja kwenye karatasi yake ya A4, eneo ambalo viganja viwili hulienea.

Msingi uwe manila nzito. Mistari ifanye kwa uzi wa pamba wa unene wa milimita 2 hivi. Kamba ya mkonge haikosekani huku pwani, lakini nyuzi zake huchoma. Tanga likate kwenye kitambaa, mchanga uwe msasa laini. Msasa mkali hutia ganzi ncha za vidole, na vidole hivyo ndivyo vinavyotakiwa kusoma nukta nundu, maandishi ya wasioona. Kati ya mstari na mstari acha milimita 5. Chini ya 3, mistari miwili husomeka mmoja.

Gundi nyeupe ya mbao ipake kwa kijiti, nyembamba. Ikizidi hupanda juu ya uzi na kukauka matone magumu, na msomaji atayahesabu kuwa sehemu ya chombo. Kwa unyevu wa hapa manila hujikunja, basi ilaze chini ya ubao mzito usiku kucha.

Majina ya sehemu yaandike kwa herufi moja au mbili za nukta nundu, maelezo kamili yakae karatasi ya pili. Usizibane nukta ili zienee. Kipimo chake hakibadiliki. Kata kona ya juu kulia ili msomaji ajue juu ni wapi.

Kabla ya kutoa nakala, mpe msomaji asiyeona. Mtajie jina la picha na urefu halisi wa chombo, kisha nyamaza, wala usimshike mkono kumwelekeza. Anaporudia mahali palepale, hapo pana utata. Mara nyingi ni pale foromali inapopita mbele ya mlingoti. Ukate uzi wa mlingoti, uache milimita 3 kila upande wa foromali, kisha umpe aisome tena.