Uraibu hauna kabila: dhana potofu tunazoishi nazo Nairobi

Dhana: Unga, yaani heroini, ni wa watu wa Pwani, pombe kali ni ya watu wa Mlima Kenya.

Haya nimeyasikia kwenye matatu, kanisani, hata mezani kwetu, na yananiuma. Ndugu yangu amezaliwa Kayole, hapa Nairobi, Mombasa hajawahi kufika, na unga ulimkamata hukuhuku. Mtu aliyezoea heroini akiikosa kwa saa 12 hivi, arosto inampiga: kamasi, mifupa kuuma, tumbo kuendesha, usingizi kukata. Mwili haujui kabila. Lakini kabila likishatajwa, wa Pwani anaambiwa "ndivyo walivyo", na wa kwingine anafichwa ndani hadi azidiwe, kwa kuwa "kwetu hatuna mambo hayo".

Dhana: Mfungie mlevi chumbani wiki moja, atapona.

Usithubutu. Aliyekunywa sana kwa miaka, akikatiziwa pombe ghafla anaweza kushikwa na degedege na kufa. Mpeleke hospitali, au piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Dhana: Methadoni ni kuacha unga na kushika unga mwingine.

Methadoni, dawa ya kunywa anayopewa aliyezoea heroini, hufanya kazi polepole, hukaa mwilini siku nzima, na ikipimwa vizuri humtuliza mtu arosto bila kumlewesha. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, hapo hospitali ya Mathari, Nairobi. Nesi anapima, unakunywa mbele yake, unashushia maji, kisha unasema neno moja ahakikishe umemeza. Kila siku, Jumapili pia.

Dhana: Ubaguzi katika mambo ya uraibu ni wa Marekani, si wetu.

Marekani kweli ulikuwepo, tena ndani ya sheria. Kuanzia 1986, gramu 5 za kokeini ya mawe (crack) zilimletea mtu kifungo cha chini sawa na gramu 500 za kokeini ya unga, na waliofungwa kwa ile ya mawe wengi mno walikuwa Weusi. Ni dawa ileile. Mwaka 2010 uwiano ulishushwa hadi 18 kwa 1, haukufutwa.

Huku kwetu angalia mtaa. Kijana wa Lavington, mtaa wa matajiri, hupelekwa kituo cha kulipia, na majirani husema "anatibiwa". Wa Kayole akishikwa na kete moja ya unga, ni teja, analala seli.

Dhana: Methadoni ni ya bure, basi wote wanaipata sawa.

Na nauli je? Kutoka kwetu hadi Mathari ni matatu mbili, moja hadi tao, nyingine Thika Road, na kurudi vivyo hivyo. Mama alikuwa akiweka sarafu kwenye kopo la kakao juu ya kabati, asiziguse hata unga wa ugali ukiisha. Mvua ikinyesha nauli hupanda. Asubuhi moja alizihesabu mara mbili, zikapungua shilingi 30. Ndugu yangu akavaa viatu, akaenda kwa miguu.