Ishara hazimzuii mtoto kiziwi kuongea

Wazazi wengi Nairobi, Kayole hadi Kawangware, bado huambiwa kwamba mtoto kiziwi akifundishwa ishara atakuwa mvivu wa kuongea. Imani hii ni kongwe. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan uliamua usemi pekee ndio ufundishwe, na ishara zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi.

Imani hiyo si kweli. Ubongo wa mtoto mchanga unatafuta lugha, iwe inapitia sikioni au machoni. Kinachomdhuru ni kukaa miaka ya mwanzo bila lugha yoyote anayoipata kikamilifu; pengo hilo ni gumu mno kulijaza baadaye, na linagusa kusoma, kufikiri, hata kupata marafiki. Mwenye msingi wa ishara anaweza pia kuvaa kifaa cha kusikia na kujifunza kutamka.

Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, kwa Katiba ya 2010. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo mama, baba na nyanya nao wajifunze, tena mapema. Waanze na ishara za maziwa, kulala, kuoga. Mtoto akutazame kwanza, ndipo uashirie.