Kilichomo Ndani ya Ala: Picha ya Ngamiani na Jina la Lettow

Mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinitumia picha kwenye simu, ikafuatiwa na ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyu ndiye Lettow mwenyewe, aliyewapiga Waingereza hapa kwetu. Niambie hiyo bastola kiunoni ni ya aina gani, maana wajukuu wananiuliza kila siku nami sina la kuwajibu."

Lettow anayemtaja ni Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilimjibu jioni ile ile kwamba ni rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya zamani ya jeshi la Ujerumani. Nilikosea. Kazi yangu ni kutambua silaha na sare kwenye picha za kale, na nimeona picha nyingi za aina hii zikitoka kwenye masanduku ya watu hapa Tanga, kwa hiyo naona ni haki ya mzee yule, na ya yeyote mwenye picha kama hiyo nyumbani, nieleze kosa lilitokea wapi na jibu sahihi lilipatikanaje.

Nakala ile ya simu ilikuwa imepita kwenye studio moja. Waliisafisha, wakafuta mikwaruzo, wakalainisha kila kitu mpaka nguo za watu zikawa kama zimepigwa pasi. Mahali pa ala ya bastola palibaki weusi mtupu wenye umbo la paja la kuku. Umbo hilo lilinipeleka moja kwa moja kwenye rivolva, nami nikaandika jibu bila kuomba kuiona picha yenyewe.

Juma lililofuata nilikwenda kwake. Baada ya shikamoo na kahawa alitoa kopo la biskuti, ndani yake kipande cha kanga, na ndani ya kanga picha iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, sentimita 13 kwa 18. Mzungu mmoja amesimama katikati, askari wawili kila upande, nyuma yao ukuta wa chokaa na kivuli cha mnazi. Niliiweka karibu na dirisha, nikaweka simu pembeni yake. Kabla sijatoa hata kioo cha kukuzia niliona jambo la kwanza: picha ya simu ilikuwa imegeuzwa, kulia imekuwa kushoto.

Hili hutokea sana, na si studio tu zinazogeuza. Picha za enzi zile zilipigwa kwenye bamba la kioo, na mchapaji akiliweka bamba upande usio wake, watu wote wanageuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ndiyo maana siku zote naanza na swali la upande kabla ya swali la silaha. Koti la mwanamume hufungwa ubao wa kushoto ukilala juu ya wa kulia. Askari aliyesimama bunduki mguuni huishika kwa mkono wa kulia. Na kofia ya ukingo mpana ya Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la makoloni, ilikunjwa ukingo wake upande wa kulia na kubanwa kwa beji ya duara. Picha ya karatasi ilipita kwenye yote matatu. Ya simu ilifeli yote matatu, nami nilikuwa nimeitazama jioni nzima.

Sasa ala. Neno hili nalitumia makusudi, kwa sababu katika picha ile bastola haionekani hata kidogo. Kinachoonekana ni nyumba yake ya ngozi, na hivyo ndivyo ilivyo katika picha nyingi za maafisa. Anayesema "naona Luger", ile bastola ya Kijerumani inayojijaza risasi yenyewe, mara nyingi anaona ngozi iliyoshonwa kwa umbo la Luger, na tofauti hiyo ina uzito, kwani ala inaweza kubeba kitu kingine au kuwa tupu.

Kwenye karatasi ala iko kiunoni kushoto, mpini ukielekea mbele, ili mkono wa kulia uvuke tumbo na kuchomoa. Wajerumani walipenda kuvaa hivyo. Nilipoinamisha kadi ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari, weusi ule uliokuwa mtupu kwenye simu ukaanza kusema. Ukaonekana mshono. Ukingo wa mbele wa ala, kuanzia chini ya kifuniko, una kimfuko chembamba kirefu kilichoshonwa sambamba na mwili wa ala, na juu yake kamkanda kadogo. Upana wake haufiki milimita mbili kwenye karatasi. Hicho ni kimfuko cha magazini (kibweta cha risasi) ya akiba, na ndicho ambacho studio ilikifuta ikidhani ni mkwaruzo.

Rivolva haina magazini. Ile ya jeshi la Ujerumani, ya mwaka 1879 na ndugu yake fupi wa 1883, ina silinda ya matundu sita, na risasi huingizwa moja moja kupitia mlango mdogo ubavuni. Risasi za akiba za rivolva zilihitaji mfuko mpana na mfupi. Kimfuko chembamba cha kutosha magazini moja iliyonyooka kinasema bastola inayolishwa kupitia mpini. Kinaondoa pia Mauser ya 1896, ile ambayo wapenzi wa filamu huiona kila mahali: Mauser hubeba risasi zake kwenye kisanduku mbele ya kifyatulio, na ala yake iliyozoeleka ni ya mbao, hugeuka kuwa kitako cha kuegemeza begani. Ala hiyo ni ndefu na ngumu, huwezi kuifananisha na hii.

Kilichobaki ni kifuniko. Ni kikubwa, kimefura kama nusu ya nazi, kinameza mpini wote. Luger inahitaji kifuniko kama hicho kwa sababu mpini wake umelala kwa mshazari mkali, na nyuma juu yake kuna kile kiungo kinachojikunja kama goti bastola inapofyatuka. Ngozi lazima ipite juu ya vyote viwili. Ukiweka umbo la kifuniko na kimfuko cha magazini pamoja, ni familia ya Luger.

Nasema familia, na hapa naomba msomaji awe na subira. Jeshi la wanamaji la Ujerumani liliichukua Luger mwaka 1904 ikiwa na mtutu wa milimita 150. Jeshi la nchi kavu likaichukua 1908, mtutu wa milimita 100. Lakini zilikuwa zikiuzwa madukani kabla ya hapo, Waswisi waliichukua tangu 1900, na maafisa wa Kijerumani walijinunulia silaha zao wenyewe. Kwa hiyo huwezi kusema "ni Luger, basi picha ni ya baada ya 1908". Unachoweza kusema ni kwamba si ya kabla ya 1900.

Je, tunaweza kujua ni fupi au ndefu? Nilijaribu kupima. Askari wa karibu naye, aliyesimama mstari mmoja naye, ameshika bunduki ya Mauser ya 1871. Kwenye karatasi bunduki ile ina milimita 62. Bunduki ya modeli hiyo iliyofupishwa, waliyopewa askari wengi, ina sentimita 124 hivi, na kwa hesabu hiyo kila milimita ya picha ni sentimita mbili za kweli. Ala ina milimita 12 na nusu, yaani sentimita 25. Luger fupi ina urefu wa sentimita 22 hivi, inaingia vizuri na nafasi ya ngozi juu. Ya wanamaji inapita sentimita 26, haiingii. Lakini kama bunduki ya askari ni ile ndefu ya sentimita 135, ala inakuwa ya sentimita 27, na hapo mlango wa bastola ya wanamaji unafunguka kidogo. Nilimwonyesha mzee hesabu zote mbili. Kipimo kinaelemea Luger fupi bila kufunga mjadala. Umbo la ngozi ndilo lililotangulia kusema.

Mzee alisikiliza vizuri, kisha akauliza swali lililomkaa moyoni: "Kwa hiyo ni ya Lettow?"

Alikuwa na hoja yake. Kwenye picha jicho la kushoto la afisa limo gizani, na alikuwa amesikia kwamba Lettow-Vorbeck aliumizwa jicho. Ni kweli, alijeruhiwa jicho la kushoto mwaka 1906 katika vita vya Wajerumani kule Namibia ya leo. Lakini itazame kofia. Ukingo wa kulia umekunjwa juu, jua linafika kwenye jicho la kulia. Wa kushoto umeshuka, unatia kivuli. Kila aliyevaa kofia ile mchana wa jua kali la pwani ana jicho la kushoto lenye giza.

Hata utepe mweupe wa kofia nilikataa kuutegemea. Nyeupe ilikuwa rangi ya kikosi cha Afrika Mashariki, buluu ya kile cha Afrika ya Kusini-Magharibi, Namibia ya leo. Lakini mabamba ya zamani yalionyesha buluu kama nyeupe na nyekundu kama nyeusi, kwa hiyo utepe mweupe kwenye picha huenda ulikuwa wa buluu. Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kukuambia kama ala ilikuwa ya ngozi nyeusi au ya kahawia.

Kilichomaliza suala ni mabega. Maafisa wa Kijerumani kuanzia meja kwenda juu walivaa kamba za cheo zilizosukwa kama mkeka. Kapteni na walio chini yake walivaa kamba zilizonyooka sambamba. Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa tayari luteni kanali. Novemba mwaka huo Waingereza walishusha watu wapatao 8,000 kutoka India pale Raskazone, hapa Tanga, naye akawakabili na watu kama 1,000 hadi wakarudi merikebuni. Kamba za afisa wa picha yetu zimenyooka. Nilizitazama kwa kioo mara tatu, mara ya mwisho nikampa mzee kioo azione mwenyewe. Siye.

Alinyamaza. Nilijua naondoa kitu kilichokaa nyumba ile miaka mingi, na sikufurahia. Nikamwuliza kwa nini familia iliitunza picha. Akanyoosha kidole, si kwa Mzungu, kwa askari wa mwisho kulia. "Huyu ni babu yake baba yangu."

Basi tukaanza upya, na kusema kweli hapo ndipo picha ilipokuwa tajiri zaidi. Babu yule amevaa tarbushi yenye kitambaa cha kufunika shingo, miguuni amezungushia vitambaa hadi chini ya goti, mkanda wake una bizimu iliyosuguliwa mpaka imeng'aa. Bunduki yake ya 1871 hupiga risasi moja kwa wakati, ya milimita 11, kwa baruti inayotoa moshi mzito. Kila afyatuapo, adui anajua amejificha wapi. Kampuni nyingi za askari ziliingia vitani na bunduki hizo mwaka 1914. Ndiyo sababu bunduki 455 za kisasa, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000 zilizoachwa na Waingereza baada ya vita vya Tanga zilikuwa na thamani kubwa kwa watu kama yeye. Nilimsimulia mzee hayo, akaita wajukuu wasogee.

Nilitengeneza nakala mpya bila kusafisha chochote, mikwaruzo yote imo. Nyuma yake nilitaka kuandika kwa penseli laini, na nilianza na afisa: "cheo chini ya meja, ala ya Luger, si kabla ya 1900." Mzee akanishika mkono. Akataka nifute, nianze na jina la babu, na Mzungu afuate chini.